Ahadi ya Kila Senti: Winchell, Runyon na Mfuko wa Saratani Uliozaliwa Msibani

Mwandishi wa Marekani Damon Runyon alifariki jijini New York tarehe 10 Desemba 1946 kwa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 66. Kabla mwaka haujaisha, rafiki yake, mtangazaji Walter Winchell, alikaa mbele ya maikrofoni ya redio akawaomba wasikilizaji wamtumie senti moja, senti tano, senti kumi au dola, ili wapambane na ugonjwa uliomuua mwenzake. Mfuko uliotokana na ombi lile unafanya kazi mpaka leo, kwa jina la Damon Runyon Cancer Research Foundation, na umekwisha kutoa zaidi ya dola milioni 400 kwa wanasayansi.

Sote tumewahi kuona jambo la namna hii likianza. Rafiki anaondoka, watu wanalia, na kabla matanga hayajaanuliwa mtu mmoja anasimama na kusema haiwezekani, lazima tufanye kitu. Fulana zinachapwa, matembezi yanapangwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa. Mwaka wa kwanza watu wanajaa. Mwaka wa pili wanapungua, na wa tatu hakuna anayekumbuka namba ya akaunti ilikuwa na nani. Silidharau hilo hata kidogo, maana ni upendo wa kweli unaotafuta pa kwenda. Ndiyo sababu kisa cha Winchell kinanigusa: kilianza vilevile, kwa uchungu na kwa haraka, lakini kikadumu. Ninavyokisoma mimi, kilichokidumisha ni sharti moja, la kutokata gharama kwenye michango, ambalo Winchell alijifunga nalo hadharani tangu mwanzo, na ambalo waliokuja baada yake hawakuweza kulikwepa.

Mmoja hana sauti, mwingine hanyamazi

Runyon alizaliwa mwaka 1880 katika mji mdogo uitwao Manhattan, jimbo la Kansas, akakulia Pueblo, Colorado, kisha akaja kupata jina katika Manhattan ile nyingine, ya New York. Aliandika besiboli na ndondi kwenye magazeti ya tajiri William Randolph Hearst, akaandika kesi kubwa za mahakamani, na zaidi ya yote akaandika hadithi fupi za Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho jijini humo: wacheza kamari, wasichana wa maonyesho, mabondia waliochoka, wahuni wenye adabu zao. Tamthilia ya muziki *Guys and Dolls*, iliyofunguliwa Broadway mwaka 1950, imetokana na hadithi hizo. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na kahawa aliinywa kutwa kucha.

Mwaka 1944 madaktari walimtoa zoloto, kile kiungo cha sauti kooni, kwa sababu ya saratani. Anayefanyiwa upasuaji huo hupumua kupitia tundu lililofunguliwa chini ya shingo, na sauti aliyozaliwa nayo haipo tena. Kwa mtu aliyeishi kwa kukaa mezani na kusikiliza watu wakisimulia, huku naye akitia neno lake, hiyo ilikuwa adhabu kali. Kuanzia hapo Runyon alitembea na kijitabu na kalamu. Mtu akimwambia jambo, yeye huandika jibu, huchana karatasi na kuisukuma upande wa pili wa meza.

Aliyekuwa akizisoma karatasi hizo kuliko wengi ni Winchell. Huyu alikuwa mtu wa maneno kweli kweli. Safu yake katika gazeti la *Daily Mirror* ilichapwa tena katika magazeti mengi nchi nzima, na kila Jumapili usiku alisoma habari redioni kwa kasi ya ajabu, huku akigonga kidude cha telegrafu katikati ya habari moja na nyingine. Alikuwa miongoni mwa watu waliosikilizwa zaidi Marekani. Kabla ya hapo yeye na Runyon walikuwa washindani wa kazi moja, na urafiki wao ulikolea katika miaka ile ya mwisho, Runyon alipokuwa amekwisha kunyamaza. Walikutana Stork Club, klabu ya usiku ya mtaa wa 53 Mashariki, kwenye meza namba 50 ambayo ilijulikana kuwa ya Winchell. Usiku ukikua waliingia kwenye gari la Winchell, lililokuwa na redio ya kunasia taarifa za polisi, wakazunguka jiji mpaka alfajiri wakifuata matukio.

Nakaa sana kwenye sehemu hii kwa sababu hapo ndipo ombi lilipopata uzito. Winchell hakuletewa habari za saratani. Kwa takribani miaka miwili alikaa bega kwa bega na mtu aliyekuwa akiliwa na ugonjwa huo, akausoma kwa mwandiko wa mgonjwa mwenyewe. Wapo wengi wanaompenda rafiki yao kwa dhati lakini wakakimbia siku ugonjwa ulipoanza kuonekana, kwa kuwa hawajui waseme nini. Yeye alikaa.

Runyon aliacha wosia kwamba mwili wake uchomwe na majivu yatawanywe juu ya Manhattan. Tarehe 18 Desemba 1946 ndege iliyorushwa na Eddie Rickenbacker, rubani shujaa wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilipita juu ya Broadway, na majivu yakamwagwa. Sheria haikuruhusu, wakafanya hivyo hivyo.

Ombi lenyewe

Ili kulielewa ombi la Winchell inabidi ukumbuke saratani ilivyokuwa mwaka 1946. Ilikuwa ikitajwa kuwa ya pili kwa kuua Wamarekani, baada ya magonjwa ya moyo, lakini ilisemwa kwa kunong'onezwa. Familia nyingi hazikutaka iandikwe kwenye tangazo la kifo. Miaka miwili baadaye Babe Ruth, mchezaji wa besiboli aliyependwa kuliko wote nchini humo, alikufa kwa saratani iliyoanzia nyuma ya pua. Waliokuwa karibu naye walikuwa wamejitahidi neno lenyewe lisimfikie masikioni. Kwetu hali hiyo haijapotea. Bado tunasikia "aliugua kwa muda mrefu" na kila mtu anainamisha kichwa akijua.

Matibabu nayo yalikuwa kisu, eksirei na radiamu. Dawa ya kuua saratani iliyosambaa mwilini ndiyo kwanza ilikuwa inajitokeza: Louis Goodman na Alfred Gilman wa Chuo Kikuu cha Yale walikuwa wamemjaribu mgonjwa wa kwanza mwaka 1942 kwa kemikali ya jamii ya gesi ya vita, wakaifanya kwa siri kwa sababu ya vita, na matokeo yakachapwa mwaka huohuo wa 1946. Taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani ilikuwepo tangu 1937, ila fedha zake zilikuwa kidogo. Kwa hiyo mtu aliyesema "tutafute tiba" wakati ule alikuwa akizungumzia jambo ambalo dalili zake za kwanza zilikuwa zimeonekana maabara, na waliojua walikuwa wachache.

Ombi la Winchell lilikuwa na mambo matatu. Alilitaja jina la ugonjwa waziwazi mbele ya mamilioni, akasema ndio uliomuua rafiki yake. Akataja kiasi, tena kiasi kidogo mno: kuanzia senti moja. Kisha akaahidi kwamba fedha zote zitakwenda moja kwa moja kwa wanaopigana na saratani, bila kukatwa gharama yoyote.

La kutaja kiasi lina akili kubwa kuliko linavyoonekana. Ukimwambia mtu "changia ulicho nacho", anaanza kujiuliza wenzake watatoa ngapi na yeye ataonekanaje. Ukimwambia senti moja inapokelewa, umemwondolea aibu. Mtoto anaweza kutoa. Mjane anaweza kutoa. Na anayetaka kutoa dola elfu hajazuiwa.

Pia aliuita mfuko kwa jina la marehemu. Winchell alikuwa mtu mwenye kujipenda sana, hilo hata marafiki zake hawakulificha, na angeweza kabisa kuupa jina lake mwenyewe. Kwa hili alijiweka nyuma. Nalihesabu kuwa jambo jema zaidi alilowahi kufanya.

Hesabu ya bahasha

Ahadi ya kutokata gharama ni rahisi kuitamka na ngumu mno kuitimiza. Mwaka 1946 stempu ya barua ya kawaida Marekani ilikuwa senti tatu. Mtu aliyemtumia Winchell senti moja alikuwa ametumia mara tatu ya mchango wake kuufikisha tu. Bahasha ikifika, lazima mtu aifungue, atoe sarafu, aandike jina kwenye daftari, apeleke benki, na ikiwezekana ajibu kwa shukrani. Ukipiga hesabu ya muda wa karani, ile senti moja imekwisha liwa kabla haijafika kaunta ya benki. Mchango mdogo ukiwa mmoja mmoja ni hasara. Faida yake iko kwenye wingi, na kwenye ukweli kwamba waliotuma senti leo ndio wasikilizaji watakaotuma dola kesho.

Basi gharama zilikuwepo. Winchell alichoahidi ni kwamba hazitatoka kwenye chungu cha wachangiaji. Maana yake kila mwaka lazima apatikane mtu mwingine wa kuzilipa, na aliyeahidi ndiye wa kumtafuta. Hapa ndipo naliona lile sharti lilivyofanya kazi. Mfuko ambao haujaahidi kitu unaweza kupunguza asilimia tano mwaka huu, kumi mwaka ujao, ishirini ule mwingine, na hakuna wa kuuliza. Mfuko ulioanza kwa ahadi iliyosikika redioni nchi nzima hauna nafasi hiyo. Ulilazimika kubuni njia.

Na njia iliyobuniwa imenipendeza sana. Mpaka leo wakfu huo unalipa gharama zake za uendeshaji kwa mapato ya akiba iliyowekezwa na kwa huduma yake ya kuuza tiketi za Broadway: viti vizuri vya maonyesho vinatengwa, mtu anavinunua kwa bei ya juu kuliko ya kawaida, na ile ziada inaingia kwenye mfuko. Mtaa ambao Runyon aliuandika maisha yake yote ndio unaowalipa makarani, na mchango wa mtu wa kawaida unakwenda wote kwa watafiti.

Niseme wazi kwamba sikubaliani na wanaotumia kauli ya "asilimia mia" kama fimbo ya kuyapigia mashirika mengine. Mhasibu mzuri ni gharama yenye maana, ukaguzi wa vitabu ni gharama yenye maana. Shirika linalojinadi halina gharama kabisa linapaswa kuulizwa nani anazilipa. Runyon Foundation wana jibu, na jibu linaweza kukaguliwa. Wengi wanaoiga kauli hiyo hawana.

Saa 16 za Milton Berle

Mwaka 1949 mchekeshaji Milton Berle, ambaye kipindi chake cha televisheni kilikuwa kimeteka watu tangu mwaka uliotangulia, alikubali kukaa mbele ya kamera kwa saa 16 mfululizo akiuchangishia mfuko huu. Televisheni yenyewe ilikuwa bado ngeni majumbani. Kinahesabiwa kuwa kipindi cha kwanza cha aina yake duniani, kile ambacho mtangazaji hakomi mpaka fedha zipatikane huku simu zikilia, na kinaelezwa kuwa kilileta dola milioni 1.1.

Tofauti yake na ombi la Winchell ni kubwa. Winchell aliomba kwa dakika chache kila Jumapili, kwa maneno. Berle alitoa mwili wake. Mtu aliyekuwa nyumbani alimwona akianza akiwa mchangamfu, akalala, akaamka, akamkuta bado yuko palepale. Uchovu ule ndio uliomfanya atoe. Changamoto nyingi tunazoziona siku hizi, za kupanda Kilimanjaro au kukimbia marathoni kwa ajili ya wagonjwa, zimesimama juu ya msingi huohuo: mtoaji anaona kwamba muombaji naye amegharimika. Tena hamlipi muombaji ahueni ya uchovu wake. Anamwambia, nimekuona, nami nashika upande wangu.

Baadaye waliungwa mkono na watu wenye majina makubwa zaidi. Joe DiMaggio, Bob Hope na Marlene Dietrich walikuwa katika bodi ya mfuko.

Mtu mwenyewe

Kisa hiki hakiwezi kuandikwa kwa haki bila kumtazama Winchell jinsi alivyokuwa. Mwaka 1951 Josephine Baker, mwanamuziki Mweusi aliyezaliwa Marekani na kupata heshima Ufaransa, alilalamika kwamba Stork Club ilikataa kumhudumia kwa sababu ya rangi yake. Winchell alikuwa ukumbini jioni ile. Badala ya kusimama na aliyedhulumiwa, alimshambulia katika safu yake, akamhusisha na ukomunisti, katika miaka ambayo tuhuma hiyo ilitosha kumharibia mtu maisha. Alimuunga mkono Seneta Joseph McCarthy, aliyewawinda watu kwa tuhuma hiyohiyo. Na tarehe 4 Aprili 1954, wiki chache kabla ya chanjo ya polio ya Jonas Salk kuanza kujaribiwa kwa watoto, aliwatangazia wasikilizaji kwamba chanjo hiyo huenda ikaua. Sauti ileile iliyokuwa ikichangisha fedha za utafiti ikawatia wazazi hofu ya matunda ya utafiti.

Linaniuma, na sioni sababu ya kulipamba. Mtu anaweza kuwa rafiki mwaminifu kando ya kitanda cha mgonjwa na bado akawa mtu wa kuogopwa akiwa na maikrofoni. Kwa mfuko wenyewe swali lilikuwa la uhai: unategemea sauti ya mtu mmoja, na sauti hiyo inaanza kuchukiwa. Winchell aliachana na ABC, kampuni ya utangazaji iliyorusha kipindi chake, mwaka 1955. *Daily Mirror* lilifungwa 1963. Alikufa Los Angeles tarehe 20 Februari 1972 kwa saratani ya tezi dume, akiwa amekwisha sahaulika na wengi, na mazikoni alisimama binti yake peke yake. Mfuko haukufa naye. Ulikuwa na jina lisilo lake, na sheria ambayo haikuhitaji yeye awepo ndipo ifuatwe. Angeuita kwa jina lake, sidhani kama kuna mtu angekubali kurithi madoa yake.

Fedha zilikokwenda

Wakfu umejikita katika kuwalipa wanasayansi vijana, wale waliomaliza shahada ya uzamivu na bado hawajapata maabara yao. Kijana huyo hupewa fedha za miaka kadhaa ili afuate wazo ambalo wafadhili wakubwa wangeliona la hatari. Zaidi ya kumi kati ya waliosaidiwa hivyo walikuja kupata Tuzo ya Nobel. Ni uchaguzi wa watu wenye subira, kwa sababu mchangiaji wa 1946 hakuona chochote mwaka 1947.

Ugonjwa wa Runyon mwenyewe nao ulipata majibu yake polepole. Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill huko Uingereza, na Ernst Wynder na Evarts Graham huko Marekani, walichapa tafiti zilizoihusisha sigara na saratani ya mapafu. Januari 1964 ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ikatamka kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu na ya zoloto kwa wanaume. Miaka 17 baada ya kifo chake, serikali ilikuwa imetaja kwa maandishi kitu ambacho Runyon alikuwa akikiwasha kila siku mezani.

Hata hivyo kuna upande ulioachwa. Runyon mgonjwa hakuhitaji maabara. Alihitaji mtu wa kumsafishia tundu la shingo, mtu wa kusubiri akiandika, gari la kumtoa nje usiku. Mambo hayo yalifanywa na marafiki kwa mifuko yao, na mfuko uliobeba jina lake haukuanzishwa ili kuwafanyia wagonjwa wengine kama yeye. Nadhani Winchell alikuwa sahihi kuchagua kitu kimoja na kubaki nacho, kwa sababu mfuko unaoahidi tiba, nauli, vitanda na elimu kwa mkupuo hushindwa kueleza shilingi imekwenda wapi. Lakini uchaguzi wake ulifaa mtu mwenye redio ya nchi nzima. Marafiki kumi wa Mwanza au Mombasa waliofiwa na mwenzao hawana redio hiyo, na sioni kwa nini waige shabaha yake pamoja na sharti lake. Mgonjwa anayetoka Kigoma kwenda kupigwa mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, anaweza kuhitajika hospitalini siku baada ya siku kwa wiki kadhaa, na mara nyingi kinachomrudisha nyumbani kabla ya wakati ni kukosa nauli na pa kulala. Michango ya watu kumi inaweza kumweka huyo mjini mpaka amalize mionzi yake, na risiti zake zote zikaonekana kwenye karatasi moja. Kwa mtafiti wa maabara, fedha hizohizo hazitoshi hata mshahara wa mwezi mmoja.